Baba ana mesotelioma: je, nimerithi?

Pole sana, dada. Umesema baba ana mesotelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu, na kwamba hakuwahi kufanya kazi ya asbesto (madini ya nyuzinyuzi), aliishi tu jirani na machimbo yake, na sasa unahofia kuwa jeni zilizokutwa kwake zimeharibika unazo nawe.

Kwa wengi, hapana. Nyuzi za asbesto zikinasa kwenye utando wa mapafu huleta mchochota usiopoa, na kwa miaka 20 hadi 50 seli za hapo hupoteza jeni za ulinzi kama BAP1, CDKN2A na NF2. Hasara hiyo hubaki ndani ya uvimbe, hairithiwi.

Ila wapo wachache wanaozaliwa na BAP1 yenye hitilafu. Kwa hiyo muulize daktari: kilichopimwa ni uvimbe au damu, ambayo ndiyo huonyesha hitilafu ya kuzaliwa nayo? Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Kama kwenye ukoo kuna saratani ya jicho, ya figo au ya ngozi aina ya melanoma, omba rufaa kwa mshauri wa jenetiki kabla ya kupima chochote. Vipimo vya kuagiza mtandaoni, kwa hili, mimi siviamini.

Kama nawe ulikulia hapo, mweleze daktari hata bila dalili. Ukianza kukosa pumzi au kuumwa kifua kusikoisha, usingoje. Sigara pia, acha: ikiungana na asbesto huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu.