Mtaala mmoja wa ufundi kwa nchi tatu: anzieni kwa fundi, sio kwenye masaa

Nimefundisha umeme wa majumbani miaka 12, na mara mbili nimekaa vikao vya kuandaa mtaala mmoja utumike Tanzania, Kenya na Uganda. Cha kwanza tulifeli. Siku mbili nzima tunabishania masaa, moduli ya kufunga waya iwe masaa mangapi, kila mtu anavutia kwao, hakuna aliyeuliza kijana akitoka hapo ataweza kufanya nini.

Kingine ni majina ya ngazi. Vyeti vya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, unaanzia Gredi 3 unapanda mpaka 1. Huku kwetu Tanzania, kwa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi), cheti cha NVA 1 ndo cha chini na 3 ndo cha juu. Sasa kijana anavuka Namanga na Gredi 1 yake, bosi anaona "1" anamchukulia ni mwanafunzi, anampa kazi ya kutindua kuta. Inauma jamani, maana itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ipo tangu 2010 na Ibara ya 11 inataka vyeti vitambulike.

Kikao cha pili tukaita mafundi kwanza, walimu baadae. Kila fundi akapewa kadi aandike kazi anazofanya kweli, tukabandika ukutani (njia hii inaitwa DACUM, ilianzia Kanada), na hadi mchana kadi nyingi zikawa zinafanana tu. Ndipo fundi mmoja akatoa mfukoni vipande viwili vya waya, mweusi na wa bluu, akauliza, hapa kwenye fezi tatu nyutro ni upi? Kimya. (Fezi ni waya unaoleta umeme, nyutro ni wa kuurudisha.) Kwa rangi za zamani za Uingereza nyutro ni mweusi na bluu ni fezi, kwa rangi mpya nyutro ni bluu na mweusi ni fezi, na huku majengo tunayokuta yana zote mbili, mtu anakufa hivi hivi. Ikaingia kwenye mtihani palepale: fundi apime kwa mita kabla hajagusa, asiamini rangi.

Kwahiyo ukiitwa kikao kama hicho, komaa na mtihani. Mkishakubaliana mtu afanye nini mbele ya msimamizi, kwa vifaa gani, kwa muda gani, masaa ya darasani kila nchi ijipangie. Mambo ya leseni za kila nchi yawekeni moduli ya peke yake. Na fundi wa mtaani ambaye hajakaa darasani msimuache, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa watu kama hao, ila mtihani uwe kwa lugha anayofanyia kazi. Sisi tuliuandika Kiswahili kwanza, Kiingereza baadae, na mafundi wakaturekebisha mpaka jinsi tulivyoandika neno plaizi (koleo).