Mume wangu anataka kulipia gari-nyumba ambalo hatujaliona

*Dada mpendwa, mume wangu amestaafu mwaka huu. Tangu tuoane ndoto yake ni gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, tuzunguke nalo wawili. Sasa amelipata kwa muuzaji aliye mbali sana, mwendo wa siku mbili kwa barabara. Picha zake anazo kwenye simu, anaziangalia mpaka usiku. Limetumika miaka minane na bei yake ni nafuu kuliko yote tuliyoyaona karibu. Muuzaji anasema kuna wengine wawili wanalitaka, kwa hiyo tutume arubuni leo, na salio tulimalize kabla hajalisafirisha hadi mlangoni kwetu. Fedha zenyewe ni kiinua mgongo. Nilipokataa aliniambia sijawahi kutaka afurahi, na tangu siku hiyo tunaongea ya lazima tu. Mimi magari siyajui, na wala sijui kama nitaweza kulala kwenye kile chumba kidogo. Nifanyeje asitume hizo fedha?*

Dada yangu, pole kwa ukimya huo ndani ya nyumba. Naujua unavyouma kuliko maneno makali.

Nianze na jambo ambalo huenda usilipende. Usitafute namna ya kumzuia shemeji asipate gari. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote huku akingoja kitu kimoja, ukisimama mbele ya kitu hicho atakuona wewe ndiye kikwazo, na fedha atazituma usiku ukiwa umelala. Ila kuna jambo moja uko sahihi kabisa nalo, na hapo usiyumbe hata kidogo: fedha zisitoke kabla gari halijaonwa kwa macho na mtu ambaye si muuzaji. Anachotaka muuzaji huyo ni kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Umbali peke yake si kosa. Magari haya si mengi kama magari madogo, na lenye mpangilio wa ndani unaowafaa huenda kweli likawa mbali. Tatizo ni kile ambacho umbali unamfanyia mnunuzi. Amesafiri siku mbili, amelipa nauli na malazi, ameshawaaga majirani kuwa anakwenda kuchukua gari. Anafika, anakuta sakafu inabonyea karibu na mlango, na badala ya kugeuza anaanza kujieleza: litarekebishika, bei si mbaya, tumeshafika. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kurudi mikono mitupu lazima ufanyike nyumbani, mkiwa mmekaa na chai yenu, kabla ya kukata tiketi. Andikeni wawili kwenye karatasi yale ambayo yakionekana hamnunui. Nauli ihesabuni kuwa imekwenda, ni gharama ya kujua ukweli.

Kwenye karatasi hiyo la kwanza liwe maji. Umesema magari huyajui, basi naomba unisome polepole hapa, kwa sababu hili hata asiye fundi analiweza. Sehemu ya kuishi katika magari mengi ya aina hii imejengwa kwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bati jembamba la alumini au faibaglasi, na viungo vyake vimezibwa kwa gundi ya kuzuia maji. Gundi hiyo inakauka na kupasuka, hasa kwenye paa, kuzunguka madirisha na matundu ya hewa. Maji yanaingia kidogo kidogo, mbao zinaoza ndani kwa ndani, na nje rangi bado inang'aa. Picha haiwezi kukuonyesha hilo. Injini mbovu hutengenezwa ikaisha, lakini ukuta uliooza unaweza kugharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe.

Mkifika, fungueni mlango na kabla hamjasema lolote vuta pumzi. Harufu ya uvundo, au manukato makali yaliyopulizwa asubuhi hiyo, vyote vinakuambia kitu. Fungua makabati ya juu, ingiza mkono hadi kwenye kona ambapo ukuta unakutana na paa, papasa. Bonyeza ukuta chini ya kila dirisha kwa kidole gumba. Ukuta ukiingia ndani au ukitoa mlio mkavu wa kitu kilichoachana, weka alama. Vua viatu utembee sakafu nzima, nyayo zinasikia ulaini ambao macho hayaoni. Simama nje ubavuni, utazame ukuta kwa kuulalia ili mwanga upite juu yake, na uvimbe utauona. Kisha ombeni ngazi mwone paa. Gundi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, wakati kwingine kote ni ya zamani, iulizeni kwa nini ipo pale. Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu ambacho wakaguzi hutumia: chini ya asilimia 15 kwa kawaida hakuna wasiwasi, ikizidi 20 panahitaji kuchunguzwa zaidi.

Kuna mafundi ambao kazi yao ni kukagua magari ya namna hii kwa niaba ya wanunuzi, na katika nchi zenye soko kubwa la magari haya wanapatikana kwa urahisi. Mtafuteni aliye karibu na muuzaji, lakini asiwe mtu aliyependekezwa na muuzaji huyo, na mlipeni nyinyi. Atawaletea ripoti yenye picha za mahali pabaya, maana zile za shemeji zote ni za mahali pazuri. Kama mkaguzi hapatikani, basi mwende wenyewe. Simu ya video inafaa kwa kuchuja tu: mwambieni muuzaji aelekeze kamera pale mnapotaka nyinyi, mkianza na kona za makabati na matairi, na awashe kila kitu mkiona.

Kuhusu matairi, usikubali kuambiwa ni kama mapya. Magari haya hukaa sana na kutembea kidogo, hivyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT: 2318 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi lisipite miaka 10 hata kama halijawa kipara, na kwa gari zito linalosimama miezi mingi mimi nisingefika huko. Ndiyo maana pia kilomita chache zisiwavutie sana. Gari lililolala miaka minane lina mipira iliyokauka na betri zilizokufa.

Siku ya kwenda kuliona, mwambieni muuzaji mapema mambo mawili. Asiwashe injini kabla hamjafika, ili shemeji aweke kiganja kwenye boneti, akute imepoa, asikie inavyowaka ikiwa baridi. Na friji aiwashe tangu jana yake, kwa sababu nyingi za magari haya zinapoza kwa joto la gesi au umeme na zinahitaji saa nyingi kufikia baridi. Mkiikuta ya moto mtaondoka bila kujua kama ni nzima. Halafu wajaze tangi la maji, wawashe pampu, bomba zote zifungwe. Nyamazeni msikilize. Pampu ikisita kisha ikajiwasha tena yenyewe na hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali maji yanavuja.

Sasa fedha. Maneno ya kwamba kuna wengine wawili wanalitaka yanaweza kuwa kweli, na bado si tatizo lenu. Ikiwa shemeji anaogopa kulikosa, kuna njia ya haki: arubuni ndogo, kwa maandishi, yenye sentensi inayosema itarudishwa yote kama ukaguzi utaonyesha kasoro au hati hazikukamilika. Muuzaji mkweli atalikubali hilo. Anayekataa ukaguzi mnaougharimia wenyewe, mimi simwamini, na wala nisingempigia simu tena.

Kabla hata ya arubuni hiyo, hakikisheni muuzaji yupo. Matapeli huchukua picha za gari la kweli lililotangazwa na mtu mwingine, wanashusha bei, wanaomba fedha kabla ya kusafirisha. Na hilo, dada, linafanana mno na barua yako kiasi cha kunitia hofu. Nambari ya simu ya duka itafuteni kwa njia nyingine, si ile iliyo kwenye tangazo, mpige muulize kama gari hilo lipo kweli. Akaunti iwe na jina la kampuni ileile iliyo kwenye mkataba. Ombeni nambari ya chesisi. Gari lililotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 kwa kawaida lina herufi na tarakimu 17, na ziwe zilezile kwenye hati na kwenye gari lenyewe. Kwa nambari hiyo, kwenye nchi nyingi mnaweza kuangalia kama liliibiwa, lilipata ajali kubwa au bado lina mkopo. Muulizeni pia kama gari ni lake au analiuza kwa niaba ya mtu, kwa sababu wauzaji wengi huweka uwanjani magari ya watu, na hapo mnapaswa kujua mwenyewe ni nani na hati iko mkononi mwa nani.

Salio lilipwe mkiwa mmesimama kando ya gari, hati ziko mezani. Habari ya kuletewa mlangoni baada ya kumaliza deni muiache.

Kuna swali moja ambalo nina hakika shemeji hajaliuliza: likiharibika, nani atalitengeneza? Gari hili kwa kweli ni vitu vitatu. Injini na chesisi vimetengenezwa na kampuni ya magari, nyumba iliyo juu imejengwa na kampuni nyingine, na friji, jiko na hita vina watengenezaji wao. Injini fundi wa karibu ataishughulikia. Paa likivuja, kama muuzaji aliwapa dhamana yake mwenyewe, huenda mkatakiwa kulirudisha kwake, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Karakana za karibu zinazojua magari haya mara nyingi huwatanguliza walionunua kwao. Wapigieni leo muulize kama watalipokea gari lililonunuliwa kwingine, na kwa foleni ya muda gani. Majibu yao ndiyo yatakayowaambia ule unafuu wa bei una thamani gani. Inawezekana gari la karibu, lenye bei ya juu kidogo, likawa rahisi kuliko hilo ndani ya mwaka mmoja.

Uzito pia msiusahau. Kila gari lina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibati chake, na leseni nayo ina kikomo. Katika nchi nyingi leseni ya kawaida ya gari dogo imekuwa ikiishia kilo 3,500. Toeni uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho chenu nyinyi wawili, nguo, vyombo na maji. Tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100 tayari.

Mkilinunua, msikimbilie nyumbani. Laleni ndani yake usiku mmoja au miwili mahali karibu na muuzaji, mpike, muoge, muwashe hita, mfungue kila bomba. Kasoro nyingi hujitokeza saa 24 za kwanza za kuishi humo, na ni afadhali zijitokeze mkiwa bado jirani na mtu anayewajibika.

Hayo ni ya gari. Sasa nirudi kwako, kwa sababu katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka: hujui kama utaweza kulala kwenye kile chumba kidogo. Nadhani hapo ndipo ugomvi wenu ulipo, na hujamwambia. Umemwambia habari ya fedha, yeye akasikia hutaki kusafiri naye. Mwambie wazi kwamba unataka kwenda, ila unaogopa udogo wa nafasi, choo kilicho hatua moja kutoka kitandani, wiki nzima bila mlango wa kufunga kati yenu. Kisha mpendekezee mkodi gari la aina hiyohiyo kwa wiki moja kabla ya kununua lolote. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kiinua mgongo. Mtajua kitanda cha kupanda kwa ngazi kinawafaa au hapana, nani anashika usukani, nani anamwaga tangi la choo, na kama magoti yako yanakubali. Ukirudi ukiwa umefurahi, utakuwa mshirika wake. Usipofurahi, atakuwa ameona kwa macho yake, si kusikia kwako.

Leo jioni usianze na neno hapana. Kaa karibu naye, mwombe akuonyeshe zile picha, zote, mpaka mwisho. Muulize angependa muanzie safari wapi. Kisha leteni ile karatasi, muandike masharti pamoja, na muuzaji akipiga tena muweke simu kwenye spika, shemeji ayasome masharti hayo na wewe ukiwa hapo.