Barua kwa mwanangu aliye Lodwar

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia usiku. Unasema wenzako pale zahanati wanajiandikisha kura, wakakuuliza na wewe, ukakosa la kujibu. Kisha ukanitupia mimi swali: mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, na kina mama bado wanakuja kwako migongo ikiwauma kwa kubeba mitungi ya maji; kura imewasaidia nini?

Mimi ningeuliza kwanza nani anahesabu. Babu yako alikuwa na msemo wake, nyote aliwaimbia mkiwa wadogo: mali ni ya anayeihesabu. Karani wa magunia ya kahawa miaka yote ile Industrial Area, alijua anachosema. Gunia likipita mlangoni bila kuhesabiwa, jioni hakuna atakayekubali kwamba lilikuwepo.

Hukuwa umezaliwa mwaka 1988, mwaka wa mlolongo. Chama kilikuwa kimoja. Kwenye mchujo wake hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wenye kadi za chama walipanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, na kila mtu akamwona kila mtu: mwenye nyumba, chifu, bosi wako. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeanza kazi, nimesimama nyuma ya babu yako kwenye uwanja wa shule. Mlolongo wetu ulitoka getini, ukazunguka ua wa michongoma, ukafika barabarani. Ule wa pili uliishia kwenye mlingoti wa bendera.

Babu, unavyomjua, alikuwa na chaki mfukoni. Aliniachia nafasi yake, akaenda mpaka mwisho wa mstari, akarudi akichora vijiti kwenye ukuta wa darasa, vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Upande wetu mia sita na kitu. Upande wa pili hawakufika mia mbili. Akaja afisa na daftari, akahesabu kwa kunyoosha fimbo, hata kona ya ua hakuifikia. Akapanda juu ya kiti, akasoma. Idadi zimegeuzwa. Yule wa kwenye mlingoti ndiye mshindi, tena kwa kupita asilimia 70, na kwa kanuni ya mwaka ule aliyepita asilimia hiyo aliingia bungeni moja kwa moja bila kura ya siri.

Watu wakacheka mwanzoni, wakidhani amekosea kusoma. Babu yako akainua mkono kama mwanafunzi. "Bwana, hebu tuhesabu tena. Watu bado wamesimama." Na kweli tulikuwa bado tumesimama, mwanangu! Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Kuibiwa usiku mtu huweza kuvumilia. Sisi tulikuwa pale, miguu yetu kwenye vumbi, saa sita mchana, tukaambiwa hatupo. Askari akamwamuru aondoke, akakataa kutoka kwenye foleni hadi nilipomshika mkono. Kazini wiki iliyofuata akaulizwa alikuwa akichora nini ukutani.

Utasema mama ameenda mbali na mafuta yako. Sikwenda mbali. Mswada wa kwanza wa petroli uliopita bungeni uliwapa wenyeji asilimia 10 ya mapato ya serikali kutokana na mafuta. Mwaka 2016 Rais akakataa kuutia sahihi. Sheria iliyopatikana 2019 ikawapa asilimia 5, kaunti 20, serikali kuu 75. Fungu la majirani zako lilikatwa nusu kabla ya mafuta kuanza kuuzwa, na halikukatwa kisimani Lokichar. Lilikatwa hapa Nairobi na watu waliotumwa na wapiga kura. Mali ni ya anayeihesabu, na hesabu ile ilifanywa bila yule mama wa mitungi.

Sasa nakusikia: lakini mama, hao wabunge si walichaguliwa? Walichaguliwa. Na mwaka 2007 tulipiga kura ya siri kabisa, hesabu isiaminike, ghasia zikazuka, wakafa zaidi ya watu 1,000. Shangazi yako hajakanyaga kituo cha kura tangu wakati ule, na sijamlaumu hata siku moja, unajua aliyempoteza. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kura ni dawa. Kuna siku huwaza kwamba shangazi yako ameona mbali kuliko mimi.

Kisha nakumbuka tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais kwa sababu namna matokeo yalivyosafirishwa na kujumlishwa haikufuata sheria. Nakumbuka 2022, fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 zilipowekwa kwenye tovuti, mtu yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Yule kijana wa duka la chini alikesha na kikokotoo na daftari la madeni, anaandika kituo kwa kituo. Nilifurahi kuliko wagombea wote. Nilitamani babu yako angekuwepo ampe chaki.

Fomu haichoti maji, najua. Pesa za mafuta zinaweza kuhesabiwa vizuri na bado zikaliwa. Ila anayejua kwamba baada ya miaka mitano atasimamishwa mbele ya watu ahesabiwe upya, huiba kwa woga kidogo, na mimi ule woga nauthamini. Wewe unaweza kuona ni mdogo mno. Pengine ni mdogo.

Sitakuambia ujiandikishe. Ulimi unaniwasha, lakini sitasema. Una akili zako, na huko ndiko unakoishi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukijiandikisha Lodwar, utamchagua gavana na MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, wa hao hao unaowatibu, nami hilo ningelipenda kuliko kukuona unasafiri hadi huku Kamukunji, Nairobi. Haya, nimeshasema nusu.

Kitambulisho chako ulichodhani kilipotea ulipokuwa unahama, nimekipata kwenye kabati la shangazi yako, ndani ya kile kitabu cha chanjo. Nakituma kwa basi la Ijumaa. Mpokee dereva mwenyewe, usimtume mtu.

Mama yako