Je, Nibu ya Dhahabu Ndiyo Itakayonipa Mistari Minene na Myembamba?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, na kila mwisho wa muhula hupewa kazi ya kuandika majina ya wanafunzi kwenye vyeti. Nina kalamu ya wino yenye nibu ya wastani, lakini mstari wake ni wa unene mmoja tu, nami natamani maandishi yanayonenepa na kukonda. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue nibu ya dhahabu, ati ni laini na hufunguka ukiikandamiza. Fundi mwingine yuko tayari kuifungua hii niliyo nayo kwa wembe na msasa kwa shilingi mia tatu. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa wembe usimwachie kalamu yako hata kwa usiku mmoja. Swali hili huletwa mezani pangu hapa Nakuru mara nyingi kuliko jingine lolote, na kila linapoletwa huwa limebeba imani ileile kuhusu dhahabu, kwa hiyo niruhusu nianze nayo.

Ni kweli kwamba dhahabu tupu ni laini, lakini nibu haitengenezwi kwa dhahabu tupu. Nibu ya karati 14 ina dhahabu asilimia 58 na kidogo, na ya karati 18 ina asilimia 75. Sehemu iliyobaki ni metali nyingine zilizochanganywa humo makusudi ili iwe ngumu. Dhahabu ilipendwa kwenye kalamu hasa kwa sababu haishiki kutu, wakati ambapo wino mwingi ulikuwa na asidi ya kula chuma. Kinachoamua kama meno mawili ya nibu, yaani pande mbili za ufa wake, yataachana ukikandamiza ni urefu wa meno hayo, wembamba wa bati lake, upana wa mabega yake, na namna metali yenyewe ilivyokazwa kiwandani. Ushahidi ni nibu za kuchovya, kama vile Nikko G na Gillott 303, ambazo ni za chuma tu na bei yake ni ndogo, lakini hufunguka kuliko nibu nyingi za dhahabu zinazouzwa leo kwa maelfu ya shilingi. Nyingi kati ya hizo za dhahabu ni ngumu kama msumari, na anayekwambia vinginevyo ama hajaziandikia au ana moja ya kuuza.

Jambo ambalo muuzaji wako hakukueleza ni kwamba unene wa mstari hubadilika kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni mgandamizo: meno yanachanuka unapovuta mkono chini na kujifunga unapopanda, na ndiyo njia ya kopapleti, ule mwandiko wa mviringo ulioinama ambao Waingereza waliuandikia barua na hati katika karne ya 18. Njia ya pili haihitaji nguvu yoyote. Ncha ya nibu imekatwa bapa, mfano wa patasi ndogo, nawe unaishika kwa pembe ya takriban digrii 45 bila kuigeuza. Mkono unapopanda kuelekea kulia mstari unakuwa unywele, na unaposhuka kuelekea kulia unajaa upana wote wa nibu. Mwandiko wa italiki umejengwa juu ya njia hii. Nibu yako ya wastani ina ncha ya mviringo, kwa hiyo uisukume upande wowote itachora unene uleule, na hilo si kosa lake.

Kwa vyeti, tena vingi na vya haraka, ushauri wangu ni nibu bapa. Lamy huuza za milimita 1.1, 1.5 na 1.9, na kwenye kalamu zake za kawaida nibu huchomolewa na kubadilishwa bila fundi. Upana uchague kwa hesabu: katika italiki, herufi ndogo kama a na n huwa na urefu wa mara tano ya upana wa nibu. Ya 1.1 itakupa herufi za milimita tano na nusu, na ya 1.5 itakupa za saba na nusu; pima nafasi iliyoachwa kwenye cheti kabla hujatoa pesa. Uijaribu kwanza kwenye cheti kilichoharibika, kwa maana karatasi inayong'aa hukausha wino polepole mno, na kiganja kitaburura jina la mtoto wa watu.

Ukiupenda ule wa kopapleti, nunua mpini na nibu za kuchovya, uzifute kila umalizapo kwa kuwa zinashika kutu. Wino mweusi mzito wa wachoraji unaweza kuuchovya huko, lakini usiumimine kamwe ndani ya kalamu ya kujaza. Ukikaukia ndani, hautoki tena.

Sasa nirudi kwa hawa wa kufungua. Juzi kijana mmoja wa chuo alinifungulia leso iliyokuwa na kalamu ya baba yake. Nilipoitazama kwa lenzi, meno yalikuwa yameachana kama mkia wa mbayuwayu, jino la kulia limepanda juu ya mwenzake, na kile kinundu kigumu kinachochomelewa kwenye ncha kimesuguliwa upande mmoja hadi kikaisha. Wino husafiri kwa sababu ufa kati ya meno ni mwembamba na huzidi kuwa mwembamba kuelekea nchani. Ukipanuliwa kwa wembe, wino unaishia njiani, au unakatika katikati ya mstari na kuacha alama mbili sambamba kama reli. Bati lililopindwa kupita mpaka wake halirudi lenyewe. Kijana huyo nilimnyooshea meno, lakini kinundu sikuweza kukirudisha. Na wapo wasiopeleka kalamu kwa yeyote: wametazama video, wakakandamiza nibu ya kawaida kwa nguvu zote, wakaiharibu wenyewe kwa dakika mbili.

Kusugua nibu iwe bapa ni kazi halali, lakini hufanywa chini ya lenzi, kwa jiwe laini sana lenye maji, na huanzia kwenye nibu pana iliyo na kinundu cha kutosha. Nibu ya wastani kama yako huchora mstari wa kama milimita 0.6 au 0.7, kwa hiyo hata fundi mwaminifu akiikata bapa, tofauti kati ya mstari wake mnene na mwembamba haitaonekana na mzazi aliyekaa kiti cha pili. Iache ilivyo, uandikie rejista.