Gofu la mashua mchangani: achana na rangi nyeusi

Ndugu uliyeuliza kwa nini mfano wako mdogo wa gofu la mashua, yaani chombo kibovu kilichotelekezwa, umetoka kama gunia la mkaa, shida si mkono wako, shida ni hiyo rangi nyeusi. Mimi niko hapa Lamu, naunda vyombo vidogo vya mbao na magofu ndo nayapenda zaidi, na kosa lako nishalifanya, tena mara mbili. Maji yakipwa shuka ufuoni utafute chombo kilichotelekezwa ukiangalie vizuri: mbao za juu zilizopigwa jua miaka ni kijivu, kijivu cha jivu kabisa, weusi uko chini kunakolowa na pale msumari ulipochuruzika kutu.

Sasa kijivu hicho usikipake, kitoe kwenye mti wenyewe. Kwanza zikwaruze mbao kwa brashi ya waya kufuata nyuzi za mti. Halafu chukua ule waya laini wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu, usioshika kutu haufai, uutie kwenye siki nyeupe siku moja mbili, na kifuniko usikikaze maana inatoa gesi. Mbao zipake chai ya mkandaa nzito, ile isiyo na maziwa, zikauke, kisha ndo upake hiyo siki. Utaona inageuka yenyewe ukiwa umeishika, ni tanini, ule ukakasi wa chai, inakutana na chuma. Jaribu kwenye kipande cha kutupa, ikiwa kali sana unarudi kulekule kwenye mkaa, basi ongeza maji. Na ufanye haya KABLA ya gundi. Mimi niliunganisha chombo kizima nikaja kupaka mwisho, kila palipogusa gundi pakabaki peupe, mashua ikawa kama ina choa.

Mchanga nao. Wengi tunazoa wa ufuoni tunamwaga tu. Piga hesabu, kwa skeli ya 1:50, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 50, mashua ya mita 10 inakuwa sentimita 20, na punje ya nusu milimita inakuwa jiwe la milimita 25, yaani umelaza chombo kwenye kokoto! Chekecha mpaka ubaki na vumbi lake, na uoshe kwa maji ya kisima kwanza, la sivyo chumvi inavuta unyevu, gundi haishiki vizuri, baadaye inatoka ukungu mweupe juu. Pembeni mwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, chimba kidogo, mawimbi hufukua pale, na chombo ukilaze ubavu, hakisimami wima kama kiko dukani.

Lakini kitu ninachokiona kinakosekana kwenye magofu mengi, hata yale mazuri, ni watu. Huku kwetu chombo hakiozi tu, kinachukuliwa. Mlingoti na foromali, ule mti unaoshika tanga, ndo vinatangulia, usukani, misumari, halafu mbao nzima nzima, maana mbao kuukuu za vyombo zinatengenezwa viti na meza na fremu za vioo na zinauzwa pesa nzuri tu. Kwa hiyo unda chombo kizima kwanza, mkuku (ule mti mkuu wa chini), mataruma (mbavu zake za ndani), mbao zote, ndo ukae ujiulize nani alipita na alitaka nini. Ncha nyingine ziache zimeoza zimechanika, nyingine zikate kwa msumeno, na hapo palipokatwa pawe na rangi mbichi kidogo kuliko pengine. Ubavu uliofukiwa usiuguse, mbao iliyozikwa mchangani hewa haiifikii na wale wadudu wanaotoboa mbao hawaipati, ndo maana ukifukua unaikuta ngumu.

Langu la mwisho nililijivunia sana, nikampelekea mzee mmoja fundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani. Akaligeuza kimya, rangi hakuisema wala mchanga, akagusa taruma moja tu, "Mwanangu, hili umelikata kwenye mbao iliyonyooka. Taruma watafutiwa mti uliopinda wenyewe." Akanirudishia, akaendelea na kalafati yake, kuziba nyufa za mbao. Nimelivunja lote, sasa hivi nina mfuko wa vijiti vilivyopinda hapa chumbani, mke wangu anadhani ni kuni.