Nyumba ya kwanza kwenye mradi wa makazi: ada ya huduma itabaki ileile?

Swali: Habari wakili. Mimi na mke wangu tunataka kununua nyumba yetu ya kwanza. Tumeipata kwenye mradi wa makazi pembezoni mwa jiji: geti moja, barabara za ndani, bustani ya watoto na mtambo wake wa kusafisha majitaka. Nusu ya nyumba zimeshauzwa, nyingine zinajengwa. Ada ya huduma ya kila mwezi ni ndogo kuliko tulivyotarajia, na ofisa mauzo anasema haijawahi kupanda. Je, inaweza kupanda tukishanunua? Nani anaamua? Na tukague nini kabla ya kulipa malipo ya awali?

Jibu: Inaweza kupanda, ndugu yangu, na kwa hali uliyoieleza ningeshangaa isipopanda. Kwa sasa kila kitu ni kipya, hakuna cha kutengeneza. Tena, nyumba zikiwa bado sokoni, mara nyingi mwendelezaji, yaani anayejenga na kuuza mradi, hufidia pengo la gharama kutoka mfukoni mwake, maana ada ndogo humsaidia kuuza. Siku anayokabidhi mradi kwa chama cha wamiliki, fidia hiyo inakoma. Walinzi ni walewale na umeme wa taa za barabarani ni uleule, ila bili sasa ni yenu.

Kuhusu anayeamua, jibu limo kwenye katiba ya chama, nayo uisome kabla ya mkataba wa mauzo. Kwa kawaida mwendelezaji hupiga kura kwa kila nyumba ambayo hajaiuza, na baadhi ya katiba humpa kura kadhaa kwa kila moja. Maana yake unaweza kuwa mmiliki kwa miaka bila sauti yoyote. Tafuta kifungu cha makabidhiano: kitaje tarehe, au asilimia ya nyumba zilizouzwa. Kikisema atakabidhi "atakapoona inafaa", omba kibadilishwe. Angalia pia kama kamati inaweza kupandisha ada bila kura ya mkutano mkuu, na kwa kiasi gani kwa mwaka.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ya ada yenyewe ni mfuko wa akiba. Chukua mfano wa barabara za ndani. Tuseme lami itahitaji kuwekwa upya baada ya miaka 15, na kazi hiyo itagharimu sawa na makusanyo ya ada ya miezi 24. Miaka 15 ni miezi 180. Kwa hiyo asilimia 13 hivi ya kila ada inapaswa kuwekwa akiba tangu mwezi wa kwanza, na hiyo ni kwa lami peke yake. Mkiweka asilimia 3 tu, mtakuwa mmekusanya ada ya miezi mitano na ushei. Iliyobaki, ada ya karibu miezi 19, itadaiwa kwa mkupuo kama mchango maalumu, na anayedaiwa ni mwenye nyumba wa siku hiyo. Ndiyo maana naomba hesabu za chama kabla sijauliza idadi ya vyumba.

Ni jambo zito. Huko Surfside, Florida, jengo la makazi la Champlain Towers South liliporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Matengenezo makubwa yalikuwa yameahirishwa kwa muda mrefu huku wamiliki wakivutana juu ya gharama. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria ya kuvilazimisha vyama vya wamiliki wa majengo ya ghorofa tatu au zaidi kufanya tathmini ya akiba, yaani kupima ni kiasi gani kiwekwe kwa matengenezo yajayo. Nyumba za chini haziko kwenye hatari ya namna hiyo, lakini tabia ya kuahirisha michango ni ileile.

Mtambo wa majitaka nenda ukauone kwa macho yako, asubuhi watu wanapooga. Ikiwa ni wa kupuliza hewa ndani ya majitaka, mashine zake hula umeme mchana na usiku. Ukifanya kazi vizuri, harufu yake hukaribia ile ya udongo mbichi. Harufu ya mayai yaliyooza ni dalili kwamba hewa haitoshi. Uliza umejengwa kuhudumia nyumba ngapi, kibali cha kumwaga maji kiko kwa jina la nani, na uoneshwe vipimo vya karibuni vya maji yanayotoka. Mtambo uliosanifiwa kwa awamu ya kwanza tu utawalazimu mjenge mwingine nyumba za awamu ya pili zikijaa.

Kisha fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, si wa kiwanja chako peke yake. Barabara, bustani na eneo la mtambo vimeandikishwa kwa jina la nani? Vikibaki kwa mwendelezaji, anaweza kuviuza au kuviweka rehani. Na kama hati mama ya ardhi yote iko benki kwa mkopo wake wa ujenzi, dai barua ya benki inayosema kiwanja chako kitaachiwa ukimaliza kulipa. Bila barua hiyo, akishindwa mkopo wake, wewe uliyelipa kila senti ndiye utakayehangaika na benki.

Kanuni za mtaa zisomeni wote wawili: kupangisha, kuongeza chumba, kufuga, biashara ya nyumbani. Na mkienda benki kuomba mkopo, pigeni hesabu kwa ada itakayokuwepo baada ya makabidhiano.

Malipo ya awali msiyalipe bado. Mwandikieni muuzaji barua ya kuomba katiba ya chama, hesabu za miaka yote tangu mradi uanze, salio la akiba, orodha ya malimbikizo ya ada bila majina, na barua ya benki. Vikija, nitumieni pamoja na rasimu ya mkataba, nasi tutaanza na kile kifungu cha makabidhiano.