Somo nje ya darasa: walimu waanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi, Moshi. Walimu wenzangu wakitoa somo la sayansi nje, wanafunzi wanatawanyika na kipindi kinaisha. Niwafunze vipi walimu hawa?

JIBU: Mwalimu, semina ya maneno matupu haitasaidia. Watoe nje wao wenyewe, wafanye kazi kama wanafunzi: kila kundi la watu 6 lipate vijiti 4 na kamba ya mita 4 yenye alama ya wino kila mita 1, wazungushie vijiti kupata mraba wa mita 1 kila upande, kisha wahesabu vilivyomo. Bila alama, miraba hutofautiana na hesabu za mimea na wadudu hazilinganishiki.

Kinachoharibu zaidi ni maelekezo kutolewa uwanjani. Upepo unameza sauti, na macho ya watoto yako kwingine. Swali, makundi na mipaka vimalizwe darasani, ubaoni. Katika dakika 40, tenga 5 za maelekezo, 20 za kazi, 10 za kulinganisha majibu. Zinazobaki ni za kwenda na kurudi.

Anayezungumza nje ndiye atazame jua, watoto wawe na jua kisogoni. Mlio mmoja wa filimbi uwe wa kurudi, nao uzoezwe siku moja kabla. Wakati wa masika, andaeni kazi ya akiba ya barazani.